Suti ya Harusi kwenye Ukumbi wa Wakubwa

Jumatano, 6 Agosti

Suti imefika kutoka kwa fundi cherehani. Nyeusi, inang'aa mabegani. Mama Watoto amechagua tai ya kipepeo, rangi ya damu ya mzee, kwa kuwa ndiyo rangi ya harusi. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati mpaka watoto wakaanza kucheka. Wacheke tu.

Jumamosi asubuhi mpwa wangu anaolewa, kule mbali kwa dada yangu, safari ya ndege. Baba yake alishatangulia mbele za haki, na amenichagua mimi, mjomba mkubwa, nimshike mkono wakati wa kuingia na kusema maneno mawili matatu mbele ya watu. Hakumchagua mdogo wangu. Naandika tena ili niisome kesho nikiamka: hakumchagua mdogo wangu!

Mdogo wangu ndiye yule wa ofisini, tunayemwita Mheshimiwa ingawa hakuna aliyempigia kura. Mwaka jana alisafiri kikazi, akaingia kwenye ule ukumbi wa uwanja wa ndege wanakopumzika wakubwa kabla ya kupanda. Akapiga picha. Mguu juu ya mguu, glasi ya juisi, uso wa mtu aliyechoshwa na utajiri. Akaituma kwenye kundi la familia. Tangu siku hiyo hatupumui. Ukimpa chai, kule ukumbini chai unajichagulia. Ukimpa kiti, kule ukumbini viti vinakukumbatia. Viti! Ananieleza habari za viti mimi, fundi makochi, ambaye nusu ya mtaa huu imekalia kazi ya mikono yangu!

Sasa sikiliza. Safari hii yeye kakatiwa tiketi ya moja kwa moja, na ameshaondoka. Mimi nashuka njiani kusubiri ndege ya pili. Nashuka wapi? Uwanja uleule. Mpango umeruka kichwani kama springi iliyochomoka kwenye kochi. Nitaingia ukumbini. Nitapiga picha. Ataiona kabla ya harusi, na maneno yake yote yatakosa pa kukaa.

Mama Watoto hasafiri, kuna mteja anakuja kuchukua kochi lake. Ameikunja suti ndani ya begi na kusema ivaliwe harusini, si kabla. Nimekubali kwa sauti kubwa. Naona sauti ilizidi, maana alinitazama mara mbili.

Ijumaa, 8 Agosti, mchana

Nimevaa suti. Nilibadilishia kwenye choo cha uwanja wa ndege, mguu mmoja hewani, kichwa kwenye mashine ya kukaushia mikono. Lakini mlangoni hawaangalii moyo wa mtu, wanaangalia kola.

Mlango wa ukumbi ni wa vioo, unajifungua wenyewe kwa wanaostahili. Pembeni amekaa mpokezi, binti mwenye kucha ndefu na upole wa kutisha. Nikapita kwa haraka, simu sikioni, nikimkaripia mtu kuhusu kontena langu bandarini. Binti akaniita baba, samahani baba, naomba pasi ya kuingilia. Nikasema nimeiacha ndani. Akauliza ndani wapi, maana tangu aanze zamu hajaniona nikitoka. Nikasema ndani ya begi. Akasema basi tulifungue begi. Hapohapo simu niliyokuwa nikikaripia nayo ikaita. Mama Watoto. Anauliza suti haijakunjamana?

Nikarudi nyuma kujipanga upya.

Nilikuwa nimemsikia binti akimwambia abiria mwingine kwamba mwenye kadi ya ukumbi anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja. Nikasubiri mwenye kadi. Akaja mzee mnene, fimbo mkononi, mabegi mawili, anahema kama pampu ya baiskeli. Nikampa shikamoo na kumnyang'anya mabegi kwa heshima zote. Mzee wangu, sakafu hii inateleza, twende pamoja. Akanibariki, akaniita kijana. Nina mvi mpaka puani, lakini sikubisha.

Mlangoni binti akanitazama, akamtazama mzee. Mzee akasema msijali, huyu ni mbebaji wangu.

Mbebaji! Lakini vioo vikafunguka.

Niko ndani! Zulia linameza viatu. Supu aina mbili. Juisi ambayo sikuwahi kuona tunda lake. Na viti! Ngozi laini, migongo mirefu, mikono minene. Bado sijakaa hata kimoja. Kila nikikunja magoti mzee ananituma. Kijana, supu. Kijana, chumvi. Kijana, hii siyo chumvi.

Picha imepigwa, lakini. Nilimfundisha mzee pa kubonyeza, nikasimama wima, nikatabasamu, nikaituma kwenye kundi bila kuitazama kwa sababu alikuwa ameshaomba kitambaa cha mdomo. Sasa nasubiri Mheshimiwa azimie.

Ijumaa, 8 Agosti, jioni

Naandika nikiwa kwenye benchi la chuma, upande wa watu wa kawaida. Benchi hili limetengenezwa na mtu asiye na makalio.

Nianze na picha. Niliitazama vizuri baadaye. Nimesimama wima, suti nyeusi, tai ya kipepeo rangi ya damu ya mzee, mkononi nimeshika sinia lenye bakuli la supu. Nyuma yangu wapo wahudumu wa ukumbi wamesimama wima. Suti nyeusi. Tai za kipepeo. Rangi ya damu ya mzee. Mmoja hata anafanana na mimi.

Ndiyo maana kuna mama alinikabidhi glasi tupu na kuniambia asante!

Mheshimiwa alijibu wa kwanza. Hongera kaka kwa ajira mpya, wanakulipa kwa siku au kwa mwezi? Dada yetu, mama wa bibi harusi, akauliza kwani si nilisema nasafiri. Mama Watoto akaandika maneno mawili tu: HIYO SUTI?

Ikabidi ipigwe picha nyingine, nimekaa, mguu juu ya mguu, bila sinia. Mzee alikuwa amelala. Nikachagua kiti cha kona, nikajiachia.

Jamani. Kilinikumbatia kweli.

Mtu mwingine angefurahi, akapiga picha, akaenda zake. Mimi nikaanza kuwashwa vidoleni. Kiti kinamkumbatia mtu kwa namna gani? Sponji gani hiyo inazama bila kugonga mbao? Nikabonyeza. Nikapapasa mshono. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikalala chali chini ya kiti na kuchana kidogo kitambaa cha chini. Mikanda ya mpira! Wameisuka kama mkeka na kuweka springi juu yake! Miaka yote mimi napigilia ubao! Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko ili nipime, na hapo stepla ikadaka mkono wa suti.

Nikivuta, inazama zaidi. Nikisukuma, nyingine inadaka. Mimi, niliyepiga stepla maisha yangu yote, nimeshikwa na stepla! Nikiwa chali niliona skrini ya ndege ukutani, kichwa chini miguu juu. Ndege yangu ilikuwa na maandishi mekundu.

Nilidhani wangetangaza. Kule kwa watu wa kawaida wanatangaza mpaka unachoka. Mkuu wa wahudumu, alipokuja kuuliza miguu hii ni ya nani, alinieleza taratibu kwamba humu ndege hazitangazwi. Wakubwa hawapigiwi kelele, wanatazama wenyewe saa zao. Kisha akauliza mbona sijapangwa zamu yake. Akaleta mkasi. Nikamsihi akate kiti. Akakata suti.

Nikakimbia na mkono mmoja mfupi. Kijana wa getini akanionyesha dirishani kwa kidole. Ndege ilikuwa inarudi nyuma, polepole, bila haraka yoyote.

Ndege nyingine ni kesho. Mpwa anaingia asubuhi. Mimi natua mchana.

Nimempigia dada. Alisema sawa, basi. Heri angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika watu wakiwa kwenye wali. Mheshimiwa alikuwa amekaa meza ya mbele, kwenye kiti changu. Yeye ndiye aliyemshika mkono mpwa wetu. Yeye ndiye aliyesema. Jirani wa dada alinisimulia, akijifuta machozi ya kicheko, kwamba alimaliza kwa kuomba radhi kwa niaba ya kaka yake ambaye leo yuko kazini.

Dada alinitazama kuanzia tai mpaka viatu, macho yakasimama kidogo kwenye mkono mfupi. Akanikabidhi sinia la soda. Akasema umeshavaa, gawa.

Nikagawa. Kusema kweli niligawa vizuri. Bibi mmoja aliniuliza kama nakubali kuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake.

Nikafika kwa bibi harusi. Hakugombana na mimi. Alichukua soda yake, akasema mjomba, nilikaa nje mlangoni, kila wakisema tuingie nasema bado kidogo. Mpaka mfungishaji ndoa akaanza kukohoa.

Mimi! Nilimuuliza kama anataka mrija.

Jumapili, 10 Agosti

Leo mpwa amekuja kuniamsha mwenyewe, bila shela, na chai mkononi. Amesema familia ya bwana harusi iko mjini kwetu, na Jumamosi ijayo wanampokea huko. Kuna kuingia tena, kuna kusema tena. Anataka nimshike mkono mimi. Mheshimiwa amesema vizuri, lakini alimtaja bosi wake mara tatu. Kazi yangu ni moja tu, nifike nyumbani. Mjomba, hutakosa? Nikamwapia kwa kila kitu ninachomiliki, pamoja na cherehani.

Nikaapa pia moyoni. Basi na ukumbi. Basi na picha. Mtu mzima mimi.

Mchana tukala na wageni waliobaki, akiwemo huyo bosi wa Mheshimiwa, mtu mpole anayependa pilipili. Akaanza kukumbuka safari yao ya mwaka jana. Akamtania Mheshimiwa mbele yetu sote: siku ile ulinibebea begi mpaka ukumbini, ukakaa kwenye kiti changu kupiga picha, ukaisahau kofia yangu kule.

Mheshimiwa akawa anatafuta kitu ndani ya wali.

Mbebaji! Hata yeye alikuwa mbebaji!

Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema haya, mmepata somo nyote wawili, mabegi ya watu na kiburi cha bure. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Lakini nilikuwa napiga hesabu nyingine. Kumbe kiti kile bado kiko wazi! Hakuna hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kuingia mule kwa miguu yake mwenyewe!

Ijumaa, 15 Agosti, mchana

Mkono wa suti nimeushona mwenyewe kwa uzi wa makochi. Hautachomoka hata nikifa. Tai nimeinyoosha kwa chupa ya maji ya moto.

Narudi nyumbani, nimeshuka tena uwanja uleule, na safari hii sikuhitaji mzee wala kontena. Nilizunguka nyuma, nikapita mlango wa jikoni, nikachukua sinia. Mpishi alinikaripia kwamba nimechelewa zamu. Nikaomba radhi. Kwa miguu yangu mwenyewe, kabisa!

Mkuu wa wahudumu wa wiki ile hayupo, yuko mwingine. Amenisifu kwa kusimama mgongo wima. Nimehudumia meza za dirishani, nimemwelekeza mwanamke mmoja chooni, kisha nikaja kona ile. Kiti bado kina alama yangu chini. Nimekaa. Mguu juu ya mguu. Picha imetoka safi, sinia halionekani.

Mpwa ameandika: mjomba, uko njiani? Nimemjibu ndiyo, niko njiani, usiku ulale salama, kesho tunaingia. Kisha nikaizima simu, isije ikaita na kuniumbua.

Imebaki mikanda tu. Mara ile sikumaliza kuona fundo la mwisho wanalifunga vipi. Ni kuinama kidogo na kuchungulia. Muda upo. Skrini wameihamishia ukuta ule mwingine, lakini sihisi haraka yoyote.

Na utulivu ulioje humu ndani! Hakuna hata sauti moja.