Kiti cha Mwalimu na Kujikunja kwa Nyanya Zangu

Chumba Namba Nne,
Mlango wa Uani.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: MAJANI YA NYANYA ZANGU KUJIKUNJA, NA MWALIMU WA CHUMBA NAMBA TANO KUHUSIKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yale mabomba ya ghorofani uliyoyakaza kwa mikono yako mwenyewe hayavuji tena. Mimi si mzima sana. Nyanya zangu zinajikunja.

Unanifahamu vizuri. Mimi ni fundi cherehani, ndiye niliyekushonea lile koti la kijivu ambalo hadi leo halijafumuka hata mshono mmoja. Kwa miaka kumi na saba niliyopanga hapa sijamshitaki mtu mbele ya kamati, hata yule jirani aliyekuwa akijifunza tarumbeta. Lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Ninayemlalamikia ni Mwalimu mstaafu wa sayansi, yule ambaye jengo zima linamwita Chaki. Kabla sijaeleza makosa yake, sharti ujue nyanya zenyewe ni zipi, usije ukadhani nakusumbua kwa ajili ya kachumbari. Ni miche mitano, nimeipanda uani katika ndoo tano za rangi. Mbegu zake nilizikuta ndani ya kopo la vifungo, zimefungwa katika kipande cha karatasi kilichoandikwa “zile tamu” kwa mwandiko wa marehemu mke wangu. Zilikuwa tano tu. Namkumbuka sana, Ndugu Mwenyekiti, na zikifa hizi sina pa kwenda kuomba nyingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiti. Kila asubuhi baada ya chai, Mwalimu hutoa kiti chake cha kukunja na kukiweka mbele ya ndoo zangu, uso ukizielekea. Nimepima kwa tepu: inchi hamsini na nane. Mtu asiye na nia mbaya hakai inchi hamsini na nane kutoka kwenye mali ya mwenzake.

2. Anaguna. Akiwa anasoma gazeti na mimi nikapita na kopo langu la kumwagilia, huguna. Nyanya zangu hazikulelewa katika nyumba ya kugunwa.

3. Ushauri ambao hakuombwa. Jumatatu aliniambia kwamba ninazizamisha, eti mizizi nayo inataka kupumua. Nimeishi duniani miaka sitini na miwili, sijaona mzizi ukipumua. Nilimjibu kwa adabu kwamba mimi sijawahi kumfundisha kushika chaki, tukaachana hapo.

4. Ushahidi. Hapa naomba uvae miwani. Nilipoanza kumshuku niliamua kumfanyia doria. Lakini mtu mzima hawezi kusimama uani akimkodolea macho jirani yake, watasema akili zimemruka. Kwa hiyo kila nilipokwenda kumchunguza nilibeba kopo limejaa maji, nikamwagilia ndoo zote tano, huku jicho langu moja likiwa kwake. Siku ya kwanza nilikwenda mara nne, na majani yalikuwa yamejikunja kidogo kwenye kingo. Siku ya pili nilikwenda mara tisa, yakawa yamejikunja zaidi. Siku ya tatu nilikwenda mara kumi na nne, na jioni yalikuwa yamejiviringisha kama mikono ya shati la mtu anayetaka kupigana. Na mara zote hizo Mwalimu alikuwa pale pale kwenye kiti chake! Kadiri nilivyomchunguza, ndivyo alivyozidisha. Dalili ya mvua ni mawingu.

5. Viatu. Kuanzia siku ya tatu amekuwa akikaa uani na viatu vya mvua. Mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa, ingawa ni kweli kwamba pale penye ndoo zangu pana matope, sijui yanatoka wapi. Mtu asiye na hatia anavaa viatu vya mvua kwa nini?

6. Ugonjwa unaenea. Alhamisi, kola ya shati nililokwisha kulipiga pasi ilijikunja yenyewe mezani. Kapeti la mlangoni kwa muuguzi wa chini limejikunja pembe moja. Na linalotisha zaidi, tangazo la kamati yako kwenye ubao, lile linalowaomba wapangaji wasipoteze maji ya bomba la uani, nalo limejikunja pembe zote nne. Nililinyoosha mimi kwa pini zangu mwenyewe. Ikiwa kiti cha Mwalimu kimeweza kufika hadi kwenye nyaraka za kamati, leo ni nyanya, kesho ni katiba ya wapangaji.

Kwa sababu hizo, naomba kamati iamuru kiti hicho kiondolewe uani. Ikishindikana, Mwalimu akae amezipa nyanya mgongo na asigune. Ikishindikana na hilo, basi apewe taarifa ya kuhama mwisho wa mwezi.

Siandiki hili kwa furaha. Siku tulipompeleka mke wangu hospitali, Mwalimu ndiye aliyeshika upande wa pili wa machela, akashuka nayo ngazi kinyumenyume bila kulalamika. Alimwita shemeji, na kila mwaka nyanya ya kwanza kuiva ilikuwa yake. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Nisalimie mumeo, muuguzi wa chini, na yule wa tarumbeta popote alipo. Hata Mwalimu msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mpangaji wako asiye na makuu,
Fundi wa Chumba Namba Nne

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha ili niandike haya. Barua hii imenichukua siku tisa, maana fundi hakati kabla ya kupima mara mbili, na nimeandika rasimu nne kwenye karatasi ya kukatia nguo. Siku zote hizo nilikuwa mezani, pazia limefungwa, Mwalimu asije akausoma uso wangu. Sikukanyaga uani, wala sikugusa kopo.

Leo asubuhi nimetoka nikiwa na bahasha mkononi. Majani ya zamani bado yamejikunja, yana kiburi kama mimi. Lakini yaliyochipua ni mapya na yamenyooka, na mche wa tatu una maua. Mwalimu alikuwa pale pale, inchi hamsini na nane, amevaa kandambili. Anasema udongo ulipokauka aliupa kikombe kimoja kimoja cha maji, basi. Nilimuuliza kwa nini hukaa hapo kila siku. Akasema shemeji alikuwa akipanda hapo na yeye akikaa hapo wakipiga soga, na hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa kuacha.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye fundi wa nguo.

Kwa hiyo naomba barua hii isishughulikiwe, lakini jalada lisifungwe. Nyanya zinastawi ninapoandika, na mkono wangu ukikaa bure utalifuata kopo. Kesho naanza lalamiko la pili dhidi ya Mwalimu, refu zaidi. Yeye mwenyewe amekubali kunisahihishia rasimu, na ameshauri viwe vifungu visivyopungua ishirini, ili nyanya yake ipate muda wa kuiva.