Jua Langu la Asubuhi

Jumatatu, 14 Julai

Hapa kijijini Vudee baridi kali. Ukungu tangu alfajiri. Raha yangu ni moja tu: ncha ya kulia ya benchi, nje ya mgahawa wa Agatha. Jua likichomoza nyuma ya mlima huanguka pale kwanza. Chai ya tangawizi mkononi, jua magotini. Siombi zaidi.

Leo nafika, nani kakalia? Filipo! Mtu aliyefanya kazi Makanya kule tambarare miaka yote, kwenye jua la bure kutwa nzima! Kastaafu, karudi mlimani, na jua alilolitamani ni langu! Nikamwambia kwa upole kuwa pale pana mwenyewe. Akajibu kuwa benchi halina jina. Agatha akacheka. Nimekunywa kivulini, chai ikapoa kabla ya nusu.

Jumanne, 15 Julai

Nimewahi kuliko jogoo. Filipo yuko pale, kajifunika blanketi! Akaniuliza nimeamkaje. Mtu mzima hana haya.

Nimefikiri siku nzima. Kitu gani kinamwinua Mpare kitini bila ubishi? Msaragambo, kazi ya kijiji kizima! Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, wakazibue mfereji. Asiyetokea anasemwa hadi msibani. Na pembe ya marehemu babu ipo darini kwangu. Nina akili mimi, basi tu watu hawajui.

Jumatano, 16 Julai

Nilijificha migombani nyuma ya mgahawa, nikapuliza. Mara ya kwanza wakatoka mende. Mara ya pili mlima mzima ukaitika! Filipo akaruka, blanketi huku, yeye kule, mbio kufuata jembe. Wote wakaondoka. Nikakaa. Jua likaja. Raha iliyoje! Nikaagiza chai.

Nikachungulia jikoni.

Agatha naye kaenda! Birika kabeba, mandazi yote kabeba, maana wachimbaji lazima wale. Nimekaa juani mdomo mkavu, na moto jikoni umezimwa. Jioni Filipo akanipitia makusudi kunisimulia kuwa mandazi ya leo hayajapata kutokea.

Jumapili, 20 Julai

Kumbe mfereji ulikuwa umeziba kweli! Kifusi kimetolewa, maji yamefika mashamba ya chini, maharage yamenyanyua majani. Watu wanaulizana ni nani huyo mwenye busara aliyepiga pembe. Filipo anatabasamu tu. Hakubali, hakatai. Wameanza kumpa mkono!

Nilivumilia. Lakini leo baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, Mzee Abednego, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akanunua mkungu wa ndizi na kutangaza kuwa ni zawadi ya Filipo. Damu ikanichemka. Nikapaza sauti mbele ya usharika mzima: ni mimi! Pembe ni yangu, pumzi ni yangu!

Mzee Abednego akanikumbatia. Akasema siku nyingi anatafuta mtu mwenye uchungu na maji kiasi hicho. Kuanzia kesho mimi ndiye mfungua ndiva, lile bwawa letu la juu. Kila alfajiri nipande nikazibue mlango wa maji. Nikasema nina mgongo. Akasema mgongo unapona kwa kazi. Wakapiga makofi, na Filipo akapiga kuliko wote. Mkungu kaondoka nao yeye, eti mimi nimeshapewa heshima.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepanda ndiva gizani. Matope hadi magotini, vidole havikunjiki. Ukungu ulipofunguka nikaliona benchi kule chini, dogo lakini wazi kabisa. Filipo kakaa. Jua limemfikia. Akaninyanyulia kikombe! Mimi, niliyeokoa maharage ya watu, natetemeka peke yangu mlimani! Nimeumia, sitaficha.

Lakini kosa langu nimeligundua. Nilishughulika na Filipo, kumbe ningeshughulika na maji. Sasa maji yote ya Vudee yako mikononi mwangu! Nachimba kamfereji kadogo, kimyakimya, kutoka hapa hadi chini ya ncha ya kulia ya benchi. Miguu ikilowa maji ya baridi, tuone kama atakaa! Nimeshapima kwa macho. Katapita katikati ya jiko la Agatha, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu, hatagundua.