Shingo za Bata Mzinga Katika Sufuria ya Jumatatu

Kwa Mchungaji Lucius Tillery,
Kanisa la Kibaptisti la Mlima Ebali,
Kata ya Saba, New Orleans.

YAH: KUINGIZWA KWA NDEGE KATIKA MAHARAGE YA KANISA

Mchungaji mpendwa,

Mimi ninayekuandikia ni mtu wa tatu kwa umuhimu katika kanisa lako, baada ya Mungu na wewe mwenyewe, na zile wiki unazokwenda kwa wakwe zako huko mjini Mobile ninakuwa wa pili. Silitaji hili kwa majivuno. Nalitaja ili barua hii isije ikawekwa chini ya rundo la matangazo ya kwaya.

Kama ujuavyo, kwa miaka mingi mimi, Nolan Picou, ndiye niliyekuwa nikichagua nyama ya kutia ladha maharage mekundu tunayokula ukumbini kila Jumatatu jioni. Sipiki. Kupika kunataka subira tu, na subira anayo hata ng'ombe. Mimi huchagua. Naingia dukani kwa Hebert, mwenyewe akiniona anavua kofia. Nakamata kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi, nakigonga kwa kidole cha kati, natega sikio. Kikinijibu vizuri nasema, "Hiki." Kikinijibu vibaya nasema, "Hebert, hiki wape maadui zako." Watu hutoka foleni kuja kutazama.

Nadhani bado unakumbuka mazishi ya marehemu Ancelet mpiga tarumbeta. Nilikuwa nimechagua kifundo kimoja ambacho mvuke wake ulitoka dirishani ukaingia barabarani. Bendi iliyokuwa ikimsindikiza marehemu ikafika kwenye kona, ikanusa, ikakata kushoto badala ya kulia, na msafara mzima ukaingia ukumbini na jeneza likiwa mabegani. Marehemu alingoja mlangoni mpaka watu waliposhiba. Mjane alisema mwenyewe kwamba mumewe angekuwa hai naye angekata kushoto.

Sasa sikia yaliyonipata. Mwenyekiti mpya wa kamati ya jikoni ni Darnella, binti wa dada yangu, muuguzi, mtoto niliyembeba mgongoni. Jumatatu iliyopita nilifika jikoni na kifundo changu kwapani, nikamkuta ameshatumbukiza sufuriani shingo za bata mzinga. Shingo, Mchungaji! Akaniambia bila hata kugeuka, "Mjomba, we pumzika. Nyama nimeshanunua." Na Dada Odile, yule wa upawa mrefu, akadakia mbele za watu, "Mjomba Nolan, kuanzia leo utakuwa unatuchagulia kiti." Wakacheka mpaka vitunguu vikawaponyoka.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama msomi.

1. Utaratibu. Sikuarifiwa. Nilisimama mlangoni na kifundo changu kimefungwa karatasi ya bucha, sina sufuria ya kukitia. Nimewahi kumwona bwana harusi aliyekimbiwa na bibi harusi pale pale madhabahuni, na yeye alikuwa na sura ya maana kuliko mimi siku ile.

2. Tabia ya ndege mwenyewe. Bata mzinga ni mgeni wa Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja. Anakuja mara moja, anakaa katikati ya meza kama mkuu wa wilaya, anaondoka. Jumatatu si siku yake. Nguruwe ndiye aliyekuwa mezani Jumapili, na mfupa wake ndio unaoshuka sufuriani Jumatatu wakati wanawake wanafua nguo. Huo ndio mpango tulioukuta. Bata mzinga huyu wa Jumatatu, Jumapili alikuwa wapi? Hakuonekana ibadani. Halafu katika mwili wake wote tumeletewa shingo, kiungo ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakitumia kushangaa tu.

3. Afya. Darnella anadai ni kwa ajili ya presha za mashemasi. Shemasi Royal ana miaka tisini na kitu, amelelewa na nguruwe, na mpaka leo anaendesha gari. Ni kweli aliligonga bango la kanisa, lakini bango lile lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo. Na presha yangu mimi haina neno. Darnella alinifunga kile kimashine chake mkono wa kushoto, kikapiga kelele, kikazima. Kilishindwa.

4. Hili nimeliondoa baada ya kutafakari, kwa kuwa linamgusa mkeo na sahani yake ya pili.

5. Imani. Leo tumebadilisha nyama. Kesho watasema nyama ya nini, maharage yanajitosheleza. Keshokutwa mekundu yataonekana mazito, tutaletewa ya kijani. Kamati ikishazoea, Pasaka itahamishiwa Jumatano ili isigongane na mazoezi ya kwaya, na waongofu hawatazamishwa tena majini, watapanguswa usoni na kitambaa chenye unyevu. Siku hiyo utauliza, mambo haya yalianzia wapi? Nami nitakujibu: yalianzia shingoni.

6. Wizi. Hapa ndipo damu inaponichemka. Jumatatu hiyohiyo, kabla hujaomba baraka ya chakula, shingo moja nene kuliko zote ilitoweka sufuriani. Darnella alifunua mfuniko akapiga ukelele. Enzi zangu za nguruwe hakuna mtu aliyewahi kuiba hata kipande cha ngozi. Bata mzinga hajamaliza wiki nasi, tayari ametufanya wezi! Nataka uchunguzi. Uanze na mkoba wa Odile. Kisha wahudumu wa mlangoni wapekuliwe, na mashemasi wapumulie usoni pako mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama karibu na sufuria muda wote huo, nikilinda, na naapa sikuona mtu mwingine yeyote akisogea. Mwizi huyo ni hodari sana. Akipatikana, jina lake lisomwe mimbarini.

Ninachoomba ni hiki: (a) ndege aondolewe sufuriani mwa Bwana, (b) nirudishwe kwenye nafasi yangu ya kuchagua nyama, na itangazwe Jumapili kabla ya sadaka, wakati watu bado wamechangamka, (c) Odile aombe radhi kwa lile neno la kiti.

Nisiposikilizwa nitahamia kwa Wamethodisti wa mtaa wa pili. Wanapikia soseji, na viti vyao vina mito.

Mchungaji, niseme hili moja halafu nifunge. Sauti ya kwaya sina. Goti langu halikubali kusimama mlangoni. Lakini kila wiki, kuanzia Alhamisi, nikipita mtaani watu huniita, "Mjomba Nolan, safari hii umetuchagulia nini?" Hata watoto huniuliza. Wiki hii nimepita mtaa mzima, nikarudi tena kwa upande wa pili wa barabara. Wamenisalimia vizuri tu. Hakuna aliyeniuliza.

Nisalimie Mama Mchungaji, wanakwaya wote isipokuwa sauti ya pili, mpiga piano, na Shemasi Royal pamoja na gari lake. Darnella usimsalimie, ila mwambie nimeuliza kama yule mtoto wake ameota meno.

Ni mimi wako katika Kristo na katika moshi,
Nolan Picou
Mchaguzi

N.B. Uchunguzi wa Na. 6 usimamishwe mara moja. Wakati natafuta bahasha, mke wangu Verlene alikuwa anapeleka koti langu la kanisani kufuliwa, akakuta mfukoni mfupa wa shingo umenyonywa mpaka umetakata. Nilikuwa nimeichukua kama ushahidi. Nikaionja ili nijue ukubwa wa kosa, nao ulikuwa mkubwa sana, ikabidi niuonje wote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiota. Basi Na. 1 hadi 5 pia uziache. Ningeandika barua upya, ila kalamu inaishiwa wino na Verlene anacheka vibaya.

Ombi (b) libaki. Shingo nazo zinahitaji mtu wa kuzichagua, maana ukiacha ile moja, zile nyingine alizouziwa Darnella zilikuwa nyembamba. Ijumaa nilikwenda kwa Hebert kujaribu. Nikagonga shingo kwa kidole, nikatega sikio, watu wakasogea kutazama. Haikusema kitu. Ukweli, Mchungaji, na huu ubaki kati yetu, hata vifundo vya nguruwe havijawahi kuniambia lolote. Huwa nachukua kikubwa.