Maziwa ya Majani Mapya

Jumatatu, 13 Aprili 1981

Alhamdulillahi, mvua imetubariki. Siku kumi tu, na Isiolo ni kijani mpaka nyuma ya vyoo! Nimekunywa chai kwenye kibaraza cha duka langu la ushonaji nikitazama vipepeo weupe. Hakuna vumbi kikombeni. Raha tupu.

Sasa ng'ombe wa Kulamawe wameshiba. Hapa kwetu Wabera, anayeleta maziwa ya kwanza ya majani mapya huwaalika wazee baada ya sala ya Ijumaa, na jina lake hutajwa vibarazani mwaka mzima. Miaka miwili mfululizo ni Guleid, kwa sababu ana lori linaloenda malishoni Garbatulla. Mwaka huu ni mimi, Umuro fundi cherehani. Nimetuma ujumbe kwa shemeji Duba, mwenye ng'ombe huko Kulamawe. Ni siri. Nimemwambia mke wangu Mumina tu. Na Gollo wa bucha.

Jumanne, 14 Aprili

Guleid amepita kuniuliza kama ng'ombe wa Kulamawe hawajambo. Gollo huyo!

Duba amejibu: maziwa yapo, leta chombo. Kibuyu chetu kiko kwa Kabale, dada yake Mumina, tangu harusi ya binti yetu Abiba. Kumwomba Kabale ni kutangazia soko zima. Nimenunua mtungi mpya wa plastiki. Wa manjano, unang'aa. Mumina anasema maziwa ambayo hayakupata moshi wa kibuyu ni maji meupe tu. Nimemwambia moshi ni moshi, mtungi nitaufukiza mwenyewe. Amecheka mpaka akakaa chini. Ni kazi ya wanawake, ndiyo. Lakini nilimtazama mama akiifanya utoto wangu wote. Kuna ugumu gani?

Jumatano, 15 Aprili

Nilitia vijinga vya moto ndani, nikafunga kifuniko, nikatikisa kama mama. Kwanza harufu nzuri. Halafu harufu nyingine. Nilipoinua mtungi, kitako kilibaki chini.

Jirani Nakal aliuliza kutoka ng'ambo ya ua kama kuna lori linaungua. Nilisema ni tairi. Nimeomba toba.

Jioni, mtungi wa pili. Safari hii kwa akili: vijinga niliviacha vipoe kidogo kwanza. Umetoka mzima! Umeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Lakini mzima.

"Baba Abiba," Mumina akaniambia, "kwa Kabale ni hatua mia moja."

Sharamo, anayenunua mbuzi Kulamawe, ameondoka na mtungi.

Ijumaa, 17 Aprili

Maziwa yamefika kabla ya adhana! Wazee saba kwenye mkeka wangu, na sheikh katikati. Kanzu yangu ilipigwa pasi mara mbili. Nilimimina kwa mkono wangu.

Sheikh alionja, akasema alhamdulillahi, akaomba maji. Gollo alikohoa. Wengine walitazama vikombe. Nikaonja mimi. Tairi.

Nilitamani mkeka unikunje.

Guleid peke yake alimaliza kikombe chake, akafuta mdomo. Kisha alimtuma mkewe Raho, aliyekuwa jikoni na Mumina, aende nyumbani mara moja. Alirudi na kibuyu. Maziwa mazito, yananukia moshi, yenye uchachu kidogo. Wazee walikunywa mpaka wakalegeza mikanda.

Nilipomsindikiza Guleid nilimuuliza yake yalifika lini.

"Jumatano," alisema. "Nikanyamaza. Nilitaka mwaka huu wakutaje wewe."

Macho yalinijaa machozi. Nilimshika mkono mpaka kwenye kona.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimewaza sana baada ya sala ya alfajiri. Maziwa yale ya Guleid yalinywewa wapi? Kwangu! Kwenye mkeka wangu, katika vikombe vyangu! Basi mwaka huu ni mimi, bila ubishi. Nimemweleza Gollo, kwa siri, kwa hiyo kufikia adhuhuri mji utakuwa unajua. Guleid ni mtu mwema. Kuhusu ile Jumatano, nimemsamehe.

Na ladha ile? Kosa ni la rangi. Plastiki ya manjano haiwezi moto, kila mtu anaona. Nimenunua mtungi wa buluu.

Mumina ameficha makaa.