Ombi la Kuondolewa Kwenye Kundi la Kulinganishia

Kwa Profesa,
Mkuu wa Utafiti wa Ufugaji Usiochafua Hewa,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUHAMISHWA KWA NG'OMBE NAMBA 14, PAMOJA NA FAMILIA YAKE

Shikamoo. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua rasmi haihitaji salamu, lakini sijawahi kumwandikia profesa, na nimeona aibu kukuingilia na malalamiko bila hodi.

Mimi ni mwanafunzi, na ndiye ninayemkamua ng'ombe wenu namba 14 asubuhi na jioni. Nyumbani tunamwita Madamu, kwa jinsi anavyotembea. Utafiti wenu ninauelewa na ninauunga mkono. Nimesoma vipeperushi vyote vitatu, kimoja mara mbili. Najua kwamba ng'ombe akicheua hutoa gesi inayoongeza joto duniani, na kwamba mnatafuta chakula kitakachompunguzia gesi bila kumpunguzia maziwa. Ndiyo maana ng'ombe wa mjomba, jirani yetu, hupewa majani ya mikunde yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu, na wetu hapewi kitu. Wetu ni wa kulinganishia. Kazi yake ni kubaki kama alivyokuwa.

Hapo ndipo penye shida. Siku ya kwanza mtafiti wenu, yule kijana mpole ambaye bibi anamwita Daktari wa Pumzi, alimvisha Madamu hatamu yenye mrija na kopo la kukusanyia hewa. Kisha akamwambia baba, "Mzee, kwako kusibadilike kitu. Kila kitu kiwe vilevile, miezi kumi na minane." Labda alimaanisha zizini. Baba alimsikia kwa moyo wake wote, kwa sababu hajawahi kuchaguliwa na chuo kikuu kwa jambo lolote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bati lililo juu ya meza yangu ya kusomea lilikuwa linavuja mlipokuja, na fundi alikuwa ameshaitwa. Baba alimrudisha akiwa mlangoni, ngazi ikiwa begani, akisema bati lilivuja siku ya kwanza ya vipimo na litavuja mpaka siku ya mwisho. Fundi akauliza, "Kwani ng'ombe analala chumbani kwa mtoto?" Baba akamjibu kwamba sayansi haifanyiwi mzaha. Kitabu changu cha kemia kimevimba kuanzia ukurasa wa tisini.

2. Mlipoanza, bibi alikuwa na kikohozi, na mtafiti wenu akakiandika kwenye daftari chini ya "sauti za mazingira". Bibi alishapona zamani. Lakini kila asubuhi baba humwekea kigoda kando ya zizi na kumwomba kwa heshima zote, "Mama, kohoa kidogo." Bibi hukohoa mara mbili, kisha humwambia kwamba alimzaa na akili zake zote, hajui amezipeleka wapi.

3. Siku ya kwanza ya vipimo mama alikuwa amevaa gauni la kijani. Amenikataza kulieleza hili kwa urefu. Nitasema tu kwamba gauni linafuliwa, linaanikwa na kuvaliwa, na kwamba baba na mama sasa wanazungumza kupitia kwangu.

4. Mjomba, kwa kuwa yuko kundi la majaribio, ameamua kujaribu kila kitu. Amepaka nyumba rangi, amenyoa sharubu, na sasa anajifunza kupiga gitaa. Jioni huegemea ua na kutuita, "Poleni jamani, watu wa kawaida! Leo mmecheua mara ngapi?" Baba humjibu, "Cheka tu, shemeji. Bila mimi kubaki nyuma, nani atajua kama wewe umeendelea?" Nasikitika kukiri kwamba kisayansi baba yuko sahihi.

5. Nimepata nafasi katika shule ya mbali, ya bweni, yenye maktaba ya ghorofa mbili. Barua ilipofika baba alizunguka uwanja mara mbili kwa furaha. Mzunguko wa tatu akasimama. Alikumbuka kwamba ukurasa wa pili wa fomu yenu aliyotia sahihi unasema mkamuaji asibadilike. Akikamua mtu mwingine Madamu atashtuka, akishtuka atacheua ovyo, akicheua ovyo hesabu zenu zitaharibika, na hesabu zikiharibika hamtajua mchanganyiko upi unafaa. "Sasa, mwanangu," akaniuliza kwa upole, "dunia iungue kwa ajili ya maktaba?" Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumsihi, akaonyeshwa jedwali la vipimo, akaondoka na nusu lita ya maziwa, akitikisa kichwa. Nafasi yangu inashikiliwa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo tu.

Kwa hiyo, Profesa, naomba Madamu ahamishiwe kundi la majaribio, ili na sisi turuhusiwe kuwa na nafuu.

Kama haiwezekani, naomba familia yetu iingizwe kwenye matokeo. Nimeambatanisha jedwali langu: matone ya paa kwa saa, vikohozi vya bibi kwa asubuhi, na maneno ambayo mama humwambia baba kwa siku, ambayo yameshuka kutoka mengi yasiyohesabika hadi sita. Mtaona kwamba kwa kujizuia tusibadilike tumebadilika sana, na kwamba katika nyumba nzima aliyebaki kama alivyokuwa ni ng'ombe peke yake.

Na kama hilo nalo ni gumu, leteni mkamuaji mwingine wa kimo changu, mwenye mikono ya baridi, asiyependa kuongea na watu, na anayeweza kumsomea ng'ombe historia kwa sauti ya chini. Madamu amezoea.

Nisalimie Daktari wa Pumzi na dereva wenu anayebaki garini kwa kuogopa pembe. Wasalimie pia ng'ombe wote, namba 1 hadi 13, na kuanzia 15 kuendelea.

Wako, niliye katika hali ileile,

Mkamuaji wa Namba 14

Tanbihi: Nimeirudia fomu ili ninukuu kwa usahihi. Ukurasa wa nne unasema mkamuaji anaweza kubadilishwa wakati wowote, mkipewa taarifa ya siku saba. Sikushangaa. Siku ile barua ya shule ilipofika, baba aliniambia nimsomee fomu yote tena, neno kwa neno, tutafute njia, maana yeye herufi ndogo hazioni. Nilipofika ukurasa wa nne niliiona sentensi hiyo, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja bila kuisoma. Nilikuwa nimesikia kwamba bweni lile lina wasichana arobaini, na kwamba kila mgeni husimama mbele yao akajitambulisha. Baba akasema, "Basi, mwanangu. Tumejaribu." Tafadhali msinijibu kwa barua. Barua zote za nyumba hii husomwa na mimi. Mtumeni mtu aje amwambie baba kwa mdomo, nikiwa zizini. Barua hii ninampa mtafiti wenu mkononi, pamoja na makopo ya leo. Siku saba zihesabiwe kuanzia leo.