Kisanduku Changu Kisistaafishwe

Kwa Shemeji, Kiongozi wa Bendi yetu,

Pokea salamu na heshima zangu. Najua nyumba zetu zinatazamana na ningeweza kuvuka tu barabara, lakini mambo ya kikazi yanataka maandishi. Nimesikia kikao cha Jumanne kina ajenda mbili: kukitupa kisanduku changu cha kidijitali kinachoiga sauti za amplifaya, na kunipumzisha mimi mwenye kisanduku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema ni cha zamani. Kweli, kina miaka kumi na tisa na kikipata moto kinanuka plastiki. Lakini kina sauti mia moja, nami nilizipitia zote mpaka nikaipata namba sitini na nne: nzito, laini, inaingia kifuani. Mwaka juzi, siku ya kwanza katika ukumbi mpya, nilikibana kitufe chake kwa utepe mweusi ili mtu asije akaichezea. Haijabadilika mpaka leo.

2. Mpiga gitaa, ambaye kisanduku chake ni kipya kuliko viatu vyake, alisema changu ni kopo tupu. Nikamwomba afumbe macho kwenye wimbo wa pili. Alifumba, na akakiri besi ilikuwa tamu. Hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

3. Hili ndilo lililoniuma. Alhamisi baada ya mazoezi, tukikunja nyaya, kila mtu alianza kumtaja mpiga besi anayempenda. Mpiga dramu akamtaja marehemu mjomba wake. Mwimbaji akamtaja seremala mmoja wa mtaani kwao. Mama Kinanda, mpiga kinanda wetu, akasema yeye anaupenda mkono wake mwenyewe wa kushoto. Mkacheka wote, mpaka fundi mitambo, mtu asiyecheka na yeyote. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na besi begani, nimeshaandaa uso wa unyenyekevu. Sikutajwa.

4. Kisanduku kinanithamini kuliko bendi nzima. Noti ikikaa sawa, kinawasha taa ya kijani, nikiteleza, nyekundu. Miaka miwili hii nimewashiwa kijani nyingi sana, shemeji, na sijamringia mtu.

5. Kwa hiyo naomba kisanduku kiwekwe mbele ya jukwaa watu wakione, Mama Kinanda akiombe radhi, na mkono wake wa kushoto upunguziwe kazi. Nimeuona ukitembea chini kabisa ya kinanda, ambako ni eneo langu. Mkikataa, nitaondoka na sauti yangu, tuone mtabaki na nini.

Nakiri mimi si mpiga besi mkubwa. Siku tano nauza vipuri vya baiskeli. Jumamosi ndiyo naishi. Mkininyang'anya hiyo, sijui nitajificha wapi humu ndani kwa dada yako.

Wasalimie watoto, mama mkwe, fundi mitambo, na hata mpiga gitaa.

Wako kwa muziki na kwa ndoa,
Shemeji yako wa Besi

Nyongeza: Dada yako ameisoma barua hii akauliza hiyo taa ya kijani ni ya nini hasa. Akakitafuta kijitabu cha maelekezo, ambacho sijawahi kukifungua. Ukurasa wa sita unasema kitufe kile kikibanwa, kisanduku kinaingia kwenye kazi ya kulinganisha nyuzi na sauti yote inakatika. Kijani maana yake uzi umekazwa vizuri, basi. Kwa hiyo miaka miwili hakuna aliyenisikia, hata mimi mwenyewe, maana hapa nyumbani siruhusiwi kukiwasha. Ile besi tamu naijua sasa ilitoka wapi, na mlichokuwa mnacheka nakijua. Nashukuru mlivyoninyamazia. Mwambie Mama Kinanda kwamba mpiga besi ninayempenda ni mkono wake wa kushoto. Utepe nimeutoa. Kikao kikikubali, Jumamosi nitachomeka waya moja kwa moja kwenye amplifaya, bila kisanduku, naye Mama Kinanda aniachie wimbo mmoja tu. Naomba uwe ule wa polepole, kwa sababu naogopa.