Mtoto Aliyefunga Milango ya Idara ya Wasiwasi

Ulimwengu mzima unatangaziwa kwamba Idara ya Wasiwasi wa Kadiri, yenye makao yake London, imezindua Kipimo kipya cha Wasiwasi. Ngazi ya chini kabisa ni kukunja uso. Ya juu kabisa ni kukunja uso na kutoa taarifa. Hiyo ya juu haijawahi kufikiwa, maana taarifa huharibu urafiki.

Aliyekibuni kipimo hicho ni Wanjohi, naibu mkurugenzi, mzaliwa wa Nyeri, mkazi wa Ilford. Siku ya uzinduzi alifunga tai mpya, akaketi kando ya mkurugenzi wake, Tom, kumpokea mwombaji wa kwanza. Mlango ukafunguliwa. Akaingia jirani yake wa Ilford, Bi Nahla, Mpalestina. Na nyuma yake, kikapu mkononi, mama yake Wanjohi mwenyewe, Mama Peris.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Nimemsindikiza mwenzangu. Kwani hapa si pa watu?"

Wanjohi akakohoa kiofisi. "Mwandamani wa mwombaji na aketi."

"Mwandamani!" Mama Peris akacheka. "Na mgongo huu uliokubeba, nao utauitaje?"

Bi Nahla hakucheka. Mpwa wake Qusay, wa miaka kumi na mitano, alikuwa ametolewa kitandani na wanajeshi kule Ukingo wa Magharibi, akafungwa macho, akapelekwa kusikojulikana. Hakushtakiwa. Mama yake hakuambiwa kitu. Nahla hakuomba meli wala jeshi. Aliomba Idara ipige simu, iulize swali moja tu: mtoto yuko wapi?

Tom akakunja uso.

"Tatizo," akasema kwa upole, "ni hilo neno mtoto. Anayezuiliwa na jeshi hukomaa haraka. Sisi humwita kijana mwenye uzito wa kiusalama."

"Uzito gani?" akadakia Mama Peris. "Nimeiona picha yake. Upepo ukivuma, huyo lazima ashikwe shati. Amefanya nini?"

"Ni siri," akajibu Wanjohi.

"Wewe waijua?"

"Hapana, Mama. Ningeijua, isingekuwa ushahidi madhubuti."

"Na wakili wake?"

"Naye haijui. Hapo ndipo penye haki: hakuna anayependelewa."

Tom akaongeza kuwa sheria yenyewe ya kuzuilia watu bila mashtaka haina kasoro. Mbegu yake ilitoka humu humu London, na enzi za ukoloni iliota vizuri hata Nyeri.

"Naikumbuka," akasema Mama Peris. "Ilimchukua baba yangu." Akainuka, akamshika Nahla mkono, wakatoka.

Wanjohi alikuwa bado anaandika "mwombaji ametosheka" king'ora kilipolia na milango ya chuma ikajifunga, puu! Wakateremka mbio yeye na Tom hadi mapokezi, kwa Kavita, Mhindi wa Kisumu anayekaa Kingsbury, mwanamke asiyevunja kanuni hata akiota.

"Kuna mtoto amepotea, bwana," akasema Kavita, akimwonyesha Bi Nahla aliyesimama hapo na Mama Peris. "Bibi huyu ameripoti. Kanuni yasema mtoto akipotea, milango hufungwa, hatoki mtu mpaka apatikane."

Tom aliijua kanuni hiyo. Aliitunga mwenyewe, baada ya mwanafunzi mgeni kupotelea msalani.

"Lakini huyo yuko ng'ambo!"

"Kanuni haikusema apotelee wapi."

"Na si mtoto!"

"Chini ya miaka kumi na minane, bwana. Sahihi ni yako."

"Nifungulie, Kavita. Balozi ananingoja mezani. Nitakaa humu mpaka lini?"

"Haisemi."

"Kwani kosa langu ni nini?"

"Ni siri, bwana," akajibu Wanjohi, kwa mazoea.

Mchana ukapita. Mama Peris akafungua kikapu, akagawa chapati, na kwa kuwa mfungwa ni mfungwa, hata akiwa na tai, akawachangamsha.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia Kavita na Wanjohi.

"Hapa mtoto, kule hatari, na hajaongezeka hata unywele."

Tom alifikiri hadi akatokwa jasho. Akashindwa.

"Basi toa mji," akasema Mama Peris.

Wanjohi akamnong'oneza bosi wake kwamba ndiyo desturi: anayeshindwa hutoa mji. Tom hakusita. Akatoa Hebroni.

"Huo si wako," akasema Nahla.

Tom akashangaa. Kazini hakuwahi kuambiwa hivyo.

Jioni ikaingia. Wanjohi akamkumbusha Tom kwa sauti ndogo kwamba kanuni haikatazi kumtafuta mtoto kwa simu. Akanyanyua simu ya mapokezi, akapiga kule kwa wanajeshi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Idara, akauliza: "Mtoto yuko wapi?"

"Ni siri," ikajibu sauti. "Piga tena baada ya miezi sita."

"Miezi sita! Mimi nimefungiwa huku! Sina kosa lolote!"

"Wote husema hivyo," ikasema sauti, na simu ikakatwa.

Mkurugenzi akaketi sakafuni. Simu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha chaji. Akauliza, kwa sauti ambayo Wanjohi hakuwahi kuisikia ofisini, kama angeruhusiwa kumpigia mama yake.

"Simu ya mapokezi si ya mambo ya nyumbani," akasema Kavita.

Kisha Bi Nahla akatoa simu yake, akampa.

"Mpigie," akasema. "Anza kwa kumwambia uko wapi."